Ulizeni Tuongee Muziki: Comus na ule msitu wao wa giza

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu Comus, bendi ya Waingereza iliyotoa albamu inaitwa First Utterance mwaka 1971, nikasema ni foki ya chemba ya kisaikedeliki na kwamba sijawahi kusikia magitaa ya mbao yanatisha namna ile. Sikutegemea barua zote hizi. Wengine mmeenda kusikiliza mkarudi na shukrani, wengine mmerudi mmenuna, na mzazi mmoja karudi na hofu kabisa, kwaiyo ukurasa wote wa leo nauacha kwa Comus na ndugu zao.

SWALI: Kaka, yale maneno foki, chemba, saikedeliki uliyapanga pale ukapita kama vile kila mtu anayajua. Mi nimezoea rege na nyimbo za injili, niambie kwa lugha ya kawaida hii kitu ni nini, na hilo giza liko wapi. (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Uko sahihi, nilikimbia sana pale. Foki ni nyimbo za watu, zile ambazo hazina mwenyewe, bibi kamwimbia mjukuu, mjukuu naye akasahau beti moja akatunga lake, na kule Uingereza kulikuwa na watu waliozunguka vijijini kuziandika kabla wazee hawajaisha, mmoja wao Cecil Sharp, ambaye jumba moja la muziki huo London mpaka leo lina jina lake. Miaka ya 1960 vijana wakazirudia nyimbo hizo, afu wakaanza kutunga za kwao kwa mtindo uleule. Chemba sasa. Si unajua tukisema mtu kaitwa chemba, yani kavutwa pembeni aambiwe jambo ambalo wengine hawatakiwi kulisikia? Muziki wa chemba ni hivohivo, watu wachache chumbani, kila ala ina mchezaji wake mmoja, hakuna fidla ishirini za kufunikana makosa, na wewe msikilizaji uko karibu kiasi cha kusikia mtu anavuta pumzi kabla hajapuliza filimbi. Saikedeliki ni neno lililotungwa miaka ya 1950 na daktari mmoja, Humphry Osmond, kutoka Kigiriki, kitu kinachofunua nafsi, akiwa anazungumzia dawa za kubadilisha akili, na wanamuziki wakalichukua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa muziki ule unaokutoa mahali ulipokaa: nyimbo ndefu, sauti zinapinda, muda unapotea.

Na giza. Waingereza wana mapenzi makubwa na shamba lao katika muziki, malisho, vijito, ndege wa asubuhi, na sehemu kubwa ya muziki huo ni mzuri na ni wa amani. Lakini wengi wakiimba shamba wanaliimba la saa nne asubuhi, jua limetoka na kondoo wanaonekana wote. Comus wanaliimba lilelile la saa mbili usiku, umepotea njia na kuna mtu nyuma yako. Miti ni ileile. Hapo ndo giza lilipo, na ukishalisikia huwezi tena kusikiliza zile nyimbo za malisho bila kujiuliza jua likizama kunakuwaje.

SWALI: Jina Comus maana yake nini? Na hawa watu walitokea wapi? (Binti wa fasihi)

JIBU: Kwako hili ni zuri kwa sababu linaanzia kwenye fasihi. Mwaka 1634 mshairi John Milton aliandika mchezo wa kuigizwa na kuimbwa kwenye ngome ya Ludlow, mpakani na Wales, mbele ya familia ya mtukufu mmoja. Ndani yake kuna binti kapotezana na kaka zake wawili msituni usiku, akakutana na Comus, ambaye ni mtoto wa mungu wa mvinyo na mchawi Circe, na huyo Comus kazi yake ni kuwapa wasafiri kinywaji kinachogeuza vichwa vyao kuwa vya wanyama. Anamkalisha binti kwenye kiti cha uchawi asiweze kuinuka, anambembeleza anywe, binti anagoma na wanabishana kwa mashairi marefu, mpaka mwisho anakuja Sabrina, mwanamke wa mto Severn, anamfungua. Anarudi nyumbani salama.

Sasa miaka mia tatu na zaidi baadaye vijana wawili waliokutana kwenye chuo cha sanaa huko Bromley, kusini mwa London, Roger Wootton na Glenn Goring, wakaanza kupiga magitaa pamoja, wakaongezeka Colin Pearson wa fidla, Andy Hellaby wa besi, Rob Young wa filimbi na obo, ndugu yake zumari, na Bobbie Watson mwenye ile sauti nyembamba ya kike. Wakachukua hilo jina. Na wakatunga wimbo, Song to Comus, unaosimulia huohuo msitu na huyohuyo binti, ila wakafanya jambo moja ambalo kwangu ndo ufunguo wa albamu nzima: Sabrina haji. Hakuna mto unaoinuka kumsaidia mtu, hakuna kaka wanaotokea na panga, wimbo unaishia palepale kwenye ubaya. Ukishajua kwamba Milton alimwokoa na hawa hawakumwokoa, unaelewa wana ugomvi gani na picha nzuri ya shamba la Uingereza.

Mwaka 1969 walikuwa wanapiga sana Beckenham, jirani na hapo Bromley, kwenye klabu iliyokuwa inafanyika ndani ya baa ya Three Tuns, na mmoja wa waendeshaji alikuwa mwimbaji David Bowie kabla hajawa Bowie mnayemjua. Huwa najaribu kupata picha ya hicho chumba, watu wamekaa na glasi zao wanangoja nyimbo laini za jioni, mara inaanza ile sauti ya Wootton.

SWALI: Mimi ni mtu wa metali, ile roki nzito ya kelele, na hawa nimewajua kupitia Opeth, bendi ya metali ya Sweden. Nina albamu zenye magitaa yaliyoshushwa mpaka chini kabisa na dramu mbili mbili, lakini First Utterance ndo iliyonifanya niwashe taa. Inawezekanaje bila umeme? (Mpenda kelele)

JIBU: Umeme upo kidogo, besi ni ya umeme na kuna gitaa la umeme linachungulia sehemu chache, ila umeuliza kitu ambacho nimekifikiria miaka mingi, naomba unipe nafasi.

Kwanza dramu. Metali ina seti ya dramu, na hata ikienda kasi namna gani ile seti ni sakafu, mwili wako unajua pa kukanyaga. Comus hawana. Wana ngoma za mkono tu, zinaingia na kutoka, na nyimbo zao zinaongeza kasi bila kukuaga, yani umekaa unadhani mwendo ni huu, ukishtuka mmeshaanza kukimbia wote. Mbio za mtu zinakuwa hivo, hazina mashine ya kuhesabu. Diana ndo mfano wake, ni wimbo wa Tamaa inamfukuza Usafi msituni, na besi inafanya kama hatua za mtu mzito kwenye majani halafu fidla inakuja juu yake.

Pili, fidla ya Pearson. Fidla haina vigawio kama gitaa, vile vyuma vya shingoni vinavyotenga noti, kidole kinaweza kutua popote, hata katikati ya noti mbili, kwaiyo anayeijua anaweza kuteleza toka sauti moja hadi nyingine kama mtu anayelia, na sikio letu limeumbwa kuamka likisikia hivyo, ni njia ileile ya kilio cha mtoto. Pearson anateleza hivyo albamu nzima. Obo nayo ina ule mwanzi wake mdomoni unaotoa sauti ya puani, inapita katikati ya magitaa kama sindano, haihitaji spika.

Tatu ni sauti za watu. Wootton ana sauti kama tatu kooni, kuna ya chini inayokwaruza, kuna ya kuimba, na kuna moja ya juu inayofoka kama mbuzi, na anazibadilisha katikati ya mstari, afu nyuma yake anasimama Bobbie Watson anaimba laini na safi kama mtu ambaye hajaambiwa kinachoendelea. Metali ikinguruma inanguruma yote kwa pamoja, umeshajiandaa. Hapa utamu na ukali vimekaa chumba kimoja na hujui kipi kitaongea sasa hivi.

Na la mwisho, ukaribu. Gitaa la umeme lililopotoshwa ni ukuta, liko mbali, kubwa, unaliangalia. Gitaa la nyuzi kumi na mbili linapigwa kwa vidole mita moja toka sikioni mwako, unasikia kucha kwenye waya. Mtu akikufokea toka ng'ambo ya barabara unakasirika tu, ila akikunong'oneza hilohilo neno shingoni nywele zinasimama. Mi naamini hapo ndo siri yote ya foki ya chemba ikigeuka giza, na ndo maana bendi nyingi zilizojaribu kuiga kwa kuongeza sauti zimeshindwa.

SWALI: Mwanangu wa miaka 17 anasikiliza hii albamu chumbani kwake mara kwa mara. Nilimwomba anitafsirie maneno, nikakuta kuna wimbo wa mtu ameua na anaenda kuzika, kuna mwingine mtu anatundikwa. Ile picha ya kava peke yake ilinitosha. Je ni mambo ya kishetani? Nimzuie? (Mama mwenye wasiwasi)

JIBU: Shikamoo mama. Umefanya jambo ambalo wazazi wengi hawafanyi, umeuliza maneno yanasema nini kabla ya kuzima redio, na kwa hilo tu nadhani mwanao atakusikiliza.

Si ibada ya shetani. Wimbo wa kutundikwa, The Bite, ni wa Mkristo anayeuawa kwa imani yake. Wimbo wa mwisho, The Prisoner, ni mtu aliyefungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili anapigwa shoti za umeme na anaomba atoke, na huo mimi nauona ni wimbo wa huruma kabisa. Ile picha ya kava, mwili uliokonda umejikunja umeshika ardhi, aliichora Wootton mwenyewe kwa kalamu ya wino ya kawaida, ya kuandikia, na ukiiangalia muda mrefu utaona ni maumivu tu.

Afu kuna hili la kihistoria. Hizo nyimbo za zamani za Uingereza na Scotland ambazo foki imezaliwa nazo zimejaa damu toka mwanzo. Kuna profesa wa Harvard, Francis James Child, alizikusanya na kuzipa namba, zikafika 305, vitabu vyake vikatoka kati ya 1882 na 1898, na humo utakuta wachumba wanaua, mama wanaua vichanga, mito inameza watu. Namba 10 ni ya dada wawili, mkubwa anamsukuma mdogo majini kwa wivu wa mwanaume, na mwili ukiokotwa mpita njia anatengeneza kinubi kwa mifupa yake na nyuzi kwa nywele zake, na kinubi kinaanza kuimba chenyewe kinamtaja muuaji. Nyimbo hizo ziliimbwa na akina bibi wakati wanafanya kazi za nyumbani, watoto wakiwa wamekaa hapohapo. Nadhani zilikuwa zinafanya kazi, zilimwambia msichana kuna watu wa namna hii na kuna njia usipite.

Lakini sitaki nikudanganye mama. Kuna kitu kwenye Comus ambacho hata mimi kinanisumbua, nacho ni kwamba Drip Drip unaimbwa na muuaji mwenyewe, ni yeye anayesema, tena muziki wake ni mtamu, na Song to Comus unakaa karibu mno na mwindaji kuliko binti. Wimbo wa zamani ulikuwa na kinubi kinachomtaja muuaji. Hapa hakipo. Mimi Drip Drip siusikilizi usiku nikiwa peke yangu, na sioni aibu kusema. Kwaiyo usimzuie, kaa naye. Sikilizeni Song to Comus pamoja, mara moja, afu muulize yule binti angekuwa ndo anaimba wimbo ungekuwaje. Kijana wa miaka 17 anayeweza kujibu hilo swali usimhofie. Akishindwa kulijibu, au ukiona anacheka sehemu isiyo ya kuchekwa, hapo mna maongezi marefu zaidi ya muziki na ni vizuri yameanza.

SWALI: Nimejaribu mara tatu kumaliza The Herald, dakika kumi na mbili, nalala. Nifanyeje? (Mvumilivu)

JIBU: Usilale ndugu yangu, au lala, ila usiache! The Herald umewekwa wa pili makusudi, baada ya zile mbio za Diana mtu anatafuta pa kukaa, na huo ndo uwazi wa msitu. Unaanza na ile sauti inayoteleza ya juu, nyembamba, kama kitu kinaimba nje ya dirisha, afu Watson anaingia, afu katikati kuna magitaa peke yake yanazungumza taratibu kwa muda mrefu, ndo hapo watu wanalala, afu sauti inarudi. Usiku, mapambazuko, mchana, huo ndo mzunguko wake. Usiusikilize peke yake. Anza Diana, ukimaliza usiguse kitu, utaona mwili wenyewe unaomba dakika kumi na mbili. Bila Herald ile albamu ingekuwa ya kutisha tu, na vitu vya kutisha tu vinachosha haraka.

SWALI: Kama ni wazuri hivyo mbona hawakujulikana? (Anayetaka kujua)

JIBU: Albamu ilitoka mapema 1971, lebo ya Dawn, ambayo ilikuwa tawi la kampuni ya Pye kwa ajili ya muziki wa chini kwa chini. Wakati uleule Uingereza ilikuwa kwenye mgomo wa posta, wa kwanza wa nchi nzima, ulianza Januari 20 ukaisha Machi 8, na enzi hizo santuri, matangazo, oda, barua za magazeti vyote vilitegemea posta. Lakini siamini mgomo peke yake, ukweli watu wa foki waliwaona ni wachafu mno na watu wa roki waliwaona ni foki. Bendi ikavunjika mwaka uliofuata. Walirudi 1974 na albamu ya pili, To Keep from Crying, kwa Virgin, bila baadhi ya wale wa mwanzo, na barua mbili zimeniuliza kwa nini ile haina ladha, jibu langu ni fupi: fidla ya Pearson haipo na woga haupo, wamebaki na nyimbo fupi nzuri nzuri.

Kilichowarudisha ni watu wachache waliopokezana kaseti. Current 93, kundi la Uingereza, waliurudia Diana. Mikael Åkerfeldt wa Opeth, Msweden, alichukua maneno toka ndani ya Drip Drip akaita albamu yake ya 1998 My Arms, Your Hearse, na maelfu ya vijana wa metali, akiwemo Mpenda kelele hapo juu, wakaanza kuuliza hayo maneno yametoka wapi. Machi 2008 Comus wakapanda tena jukwaani baada ya miaka zaidi ya thelathini, kwenye tamasha la Melloboat, ndani ya meli ya Sweden, na 2012 wakatoa Out of the Coma. Nikisikiliza rekodi ya ile meli kinachonigusa ni shangwe ya watu wanaojua kila neno la nyimbo ambazo zilipotoka hazikununuliwa.

SWALI: Ninunue santuri ya mwanzo kabisa ya 1971? (Mkusanyaji)

JIBU: Kama unakusanya vitu, sawa. Kama unataka kusikiliza, kuna mkusanyiko wa CD mbili wa 2005, Song to Comus, una albamu zote mbili na nyimbo za singo, unatosha.

SWALI: Nimewapenda. Niende wapi baada ya hapo? Nataka giza lilelile lakini kidogo nipumue. (Dada wa hedifoni)

JIBU: Nenda Philadelphia, Marekani, miaka ya 2000, kwa Espers. Greg Weeks na Meg Baird ndo sauti, Helena Espvall kwenye chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na albamu ya kuanzia ni ile ya 2006 inayoitwa II. Wao hawafoki hata mara moja. Meg Baird anaimba kama ukungu unashuka, magitaa ya vidole yanazunguka palepale, halafu chini kabisa kuna gitaa la umeme linaloungua polepole na chelo inavuta noti moja muda mrefu mpaka unaanza kusikia vitu ambavyo havipo. Comus ni kufukuzwa msituni. Espers ni kuketi humo mpaka usahau njia ya kutokea, na kuna siku naona hilo la pili ndo baya zaidi.

Kuna wengine wa enzi zilezile za Comus pia. Trees, wa London, On the Shore, wanachukua nyimbo za zamani na kuzinyoosha kwa magitaa, na Celia Humphris akiimba juu yake. Mellow Candle wa Ireland, Swaddling Songs, 1972, sauti mbili za kike, Clodagh Simonds na Alison Williams, walianza wakiwa wanafunzi, na namna zile sauti zinavyosukana mi sijaipata kwingine. Hawa wote waliuza kidogo wakavunjika. Ukitaka kupumua kabisa mtafute Vashti Bunyan, Just Another Diamond Day, 1970, mwanamke aliyetoka kusini mwa Uingereza na farasi na mkokoteni kwenda visiwa vya Hebrides huko Scotland, na nyimbo akazitunga njiani, watu wakampuuza, akaacha kuimba, akalea watoto, albamu ikatolewa upya mwaka 2000 na 2005 akarudi na ya pili. Yeye ndo wa saa nne asubuhi niliyoisema kule juu. Sikilizeni wote wawili, Comus na Vashti, kwa sababu ni nchi ileile na miaka ileile, na kila mmoja anaeleza kile ambacho mwenzake amekiacha.

SWALI: Tuko watatu, mmoja gitaa, mmoja fidla, mmoja filimbi. Tunataka kuanza kundi la namna hii lakini tukipiga tunasikika kama kwaya ya shule. Tuanzie wapi? (Watatu wa jioni)

JIBU: Hii barua imenifurahisha kuliko zote. Anzeni na kufungua gitaa. Shusheni uzi wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja kwa toni moja kamili, mtapata D A D G A D, tyuning, yani namna ya kupanga nyuzi, iliyosambazwa na Mwingereza Davey Graham mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukaa Moroko akitafuta namna ya kupiga pamoja na wanamuziki wa kule. Ukiipiga wazi bila kuweka kidole utasikia haisemi furaha wala huzuni, kwa sababu ile noti ya tatu ambayo ndo huamua haimo ndani. Kwaya ya shule inaamua haraka mno, kila kodi, yani noti kadhaa zikipigwa pamoja, inakwambia ucheke au ulie. Nyinyi msiamue. Kaeni hapo kwenye D hata dakika tano, gitaa linazunguka, na fidla ivute nyuzi zake mbili za katikati, D na A, wazi, bila kubadilisha, wakati filimbi inatembea juu. Mkishindwa kuvumilia dakika tano bila kubadilisha kodi bado hamjafika, rudieni.

Kuhusu sauti kutokaa sawa, sidhani ni masikio yenu. Filimbi ikipata joto la pumzi inapanda, na nyuzi zikipata joto zinashuka, kwaiyo mkianza sawasawa baada ya dakika kumi lazima mtaachana. Filimbi ipulizwe kwanza mpaka ipate moto, ndo wengine mjipange kwake, na mkifika katikati ya mazoezi mjipange tena. Okestra wanachukua A yao kwa obo kwa sababu haiyumbi kirahisi. Mkipata mtu wa obo mkamateni.

Msitafute mpiga dramu. Akija na ngoma moja ya mkono sawa, ila aambiwe asipige mwanzo hadi mwisho, aingie pale tu wimbo unapoanza kukimbia. Chagueni wimbo mmoja wa zamani wenye kisa, mwenye fidla asome maneno kwanza bila muziki, polepole, wengine mkiwa mmefumba macho, na mkubaliane ni sentensi ipi mtu anajua kwamba kuna hatari. Kabla ya hiyo sentensi pigeni laini mpaka msikie viti vinalia. Ikifika, fidla peke yake ndo ipande, wengine mbaki chini vilevile. Mkipanda wote mtarudi kwaya.

Rekodini kwa simu moja ikiwa katikati yenu, mita moja toka kwa kila mtu, na msisogee mbali hata kama filimbi inawashinda nguvu, mwambieni mpuliza filimbi ndo apunguze. Mkipata wimbo mmoja uliokamilika nitumieni nitausikiliza wote, usiku, taa zikiwa zimezimwa.